Kifinisia na mizizi ya Kisemiti katika Kiswahili: maelezo na mifano kutoka Mara

Kifinisia (pia *Kifoinike*), nomino, ngeli ya KI-VI, hakina wingi. Lugha ya kale ya Kisemiti iliyosemwa na kuandikwa katika miji ya pwani ya mashariki ya Bahari ya Kati, hasa Tiro, Sidoni na Bibilo, katika eneo ambalo leo ni Lebanoni na sehemu za jirani. Wasemaji wake huitwa *Wafinisia*. Makala hii inaeleza lugha hiyo kwa ufupi, inaonyesha udugu wake na maneno ya Kiswahili yaliyotoka katika Kiarabu, kisha inatoa mwongozo wa matumizi kwa wanafunzi, walimu na watafsiri. Mifano imechukuliwa kadiri iwezekanavyo kutoka Musoma, Bunda na Butiama. Eneo hilo liko mbali na pwani, na lugha za nyumbani huko si za Kisemiti, lakini ndiko alikozaliwa mtu aliyeyapa maneno mawili matatu ya asili ya Kisemiti uzito mkubwa kuliko yote katika siasa za Tanzania.

1. Jina na tahajia

Kiswahili kina maumbo mawili ya jina hili. Umbo *Foinike* linafuata Kiyunani na limezoeleka katika tafsiri za Biblia, ambamo nchi hiyo hutajwa katika Matendo ya Mitume. Umbo *Finisia*, pamoja na *Kifinisia* na *Mfinisia*, limeenea zaidi katika maandishi ya historia na isimu. Yote mawili yanakubalika, ila mtafsiri achague moja na kulifuata tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Anayetafsiri maandiko ya dini atapatana na wasomaji wake kwa kutumia *Foinike*. Anayetafsiri kitabu cha historia atumie *Finisia*. Tawi la lugha hii lililosemwa Karthago, katika Tunisia ya leo, huitwa *Kipuniki*.

2. Mahali pake katika ukoo wa lugha

Kifinisia ni ndugu wa karibu wa Kiebrania. Zote mbili ni za kundi la Kikanaani. Nje ya kundi hilo, Kifinisia kina udugu na Kiaramu, Kiarabu, Kiakadi cha Mesopotamia, na lugha za Ethiopia na Eritrea kama Kigeezi, Kiamhari na Kitigrinya. Zote hizo ni lugha za Kisemiti, nazo ni tawi moja la familia kubwa ya Afro-Asia.

Tanzania ina wanafamilia wa Afro-Asia waliokuwapo kabla Kiarabu hakijafika: Kiiraki cha Mbulu, Kigorowa, Kiburunge na Kialagwa. Hizo ni lugha za Kikushi, tawi jingine la familia hiyo. Lugha za Mara haziko humo. Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu na Kikuria ni za Kibantu, na Kijaluo ni ya Kiniloti. Kwa hiyo mtoto wa Butiama au Bunda anayesema *kitabu*, *saba* au *uhuru* hutumia neno la Kisemiti lililomfikia kupitia Kiswahili, nacho Kiswahili kililipata kupitia Kiarabu.

Jambo hilo lisisitizwe mapema, kwa sababu hukosewa mara nyingi katika insha za wanafunzi. Kifinisia si mzazi wa Kiarabu, wala maneno ya Kiswahili yaliyoorodheshwa hapa chini hayakutoka kwa Wafinisia. Herodoto anasimulia kwamba Farao Neko aliwatuma mabaharia wa Kifinisia kuizunguka Afrika, yapata mwaka 600 KK. Hata tukiikubali habari hiyo, haikuacha alama katika lugha za pwani yetu. Uhusiano uliopo ni wa binamu: Kifinisia na Kiarabu vina babu mmoja, na Kiswahili kiliazima kwa mmoja wao.

3. Mzizi wa Kisemiti na mzizi wa Kibantu

Neno *mzizi* lina maana mbili tofauti katika sarufi za lugha hizi, na mwalimu hana budi kuzitenganisha.

Mzizi wa Kibantu ni kipande cha neno kinachobaki kizima, huku viambishi vikiongezwa mbele na nyuma yake. Kutokana na *-som-* tunapata *soma, somo, msomaji, kisomo, someka, somea, somesha*. Hakuna kinachobadilika ndani ya *-som-*.

Mzizi wa Kisemiti kwa kawaida ni konsonanti tatu zisizo na irabu. Maana ya msingi hubebwa na konsonanti hizo. Irabu huingizwa kati yake ili kutofautisha kitendo, mtenda, mahali na kitu. Kutokana na KTB, 'kuandika', Kiarabu kina *kataba* (aliandika), *kitāb* (kitabu), *kātib* (mwandishi) na *maktaba* (mahali pa vitabu). Kifinisia nacho kilikuwa na KTB yenye maana hiyohiyo, ila waandishi wake hawakuandika irabu, hivyo katika maandishi ya kale mzizi huonekana mtupu.

Kiswahili kiliazima maneno, hakikuazima utaratibu. *Kitabu, katibu, maktaba, mkataba* na *mkutubi* yote yamo, lakini msemaji wa Kiswahili hawezi kuunda neno jipya kwa kubadili irabu za ndani. Anapotaka neno jipya hutumia viambishi vya Kibantu: *ukatibu, kikatiba, kimkataba*. Hiyo ni hoja yenye nguvu darasani panapoulizwa kama Kiswahili ni lugha ya Kibantu. Msamiati huazimwa kwa urahisi; utaratibu wa kuunda maneno ndio unaoonyesha ukoo.

4. Maneno ya ukoo mmoja

Katika orodha hii, alama *š* husomwa *sh*. *Ḥ* ni *h* ya kooni. *ʾ* ni kituo kifupi cha koo. *ʿ* ni sauti ya koo inayoitwa *ayni*. Upande wa kwanza ni Kifinisia, kisha Kiarabu, kisha maneno ya Kiswahili.

- MLK, 'mfalme'. Kiarabu *malik*: malkia, milki, miliki, mmiliki, mamlaka.
- ŠLM, 'amani, ukamilifu, kulipa'. Kiarabu *salām, taslīm*: salamu, salama, salimu, salimisha, taslimu (kama katika *fedha taslimu*).
- RʾŠ, 'kichwa, mkuu'; Kiarabu *raʾs, raʾīs*: rasi (ncha ya nchi iliyoingia baharini), rais, rasilimali (asili yake ni 'kichwa cha mali').
- BT, 'nyumba'. Kiarabu *bayt*: beti la shairi. Washairi wa Kiarabu waliufananisha mstari wa shairi na hema au nyumba. Kiswahili kikalihamishia neno kwenye kifungu kizima cha mistari.
- BN, 'mwana'. Kiarabu *ibn, bin*: bin, binadamu. Umbo la kike kwa Kifinisia ni BT, 'binti', lililopoteza *n* iliyobaki katika Kiarabu *bint* na Kiswahili binti. Hivyo katika maandishi ya Kifinisia 'nyumba' na 'binti' huandikwa sawasawa, na msomaji hutegemea muktadha.
- ʾDM, 'mtu'. Kiarabu *ādam*: binadamu, mwanadamu.
- MLʾK, 'mjumbe'. Kiarabu *malʾak, malak*: malaika.
- ŠMŠ, 'jua'. Kiarabu *shams*: shamsi, neno la kishairi.
- ḤDŠ, 'mpya'. Kiarabu *ḥadīth*: hadithi. Jina *Karthago* ni QRT ḤDŠT, yaani 'Mji Mpya'. Katika Kiarabu mzizi huu hubeba maana ya kitu kipya na ya jambo linalotokea, kisha habari inayosimuliwa. Kiswahili kiliipokea maana hiyo ya mwisho.

Maneno mawili ya orodha hii yamo katika sentensi moja ya kale. Jeneza la mawe la Mfalme Eshmunazar wa Sidoni lilipatikana mwaka 1855 na sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Maandishi yake yanamwonya kila MMLKT na kila ʾDM asilifungue jeneza hilo. MMLKT ni mwenye enzi, wa mzizi uleule wa *mamlaka*. ʾDM ni mwanadamu. Maneno haya mawili huonekana leo katika Katiba, katika mabango ya ofisi na katika mahubiri.

5. Kulingana kwa sauti

Sauti *š* ya Kifinisia haiwi sauti moja katika Kiarabu. Mara huwa *s* (ŠLM, *salām*), mara *th* (ḤDŠ, *ḥadīth*), na mara *sh* (ʿŠR, *ʿashara*, 'kumi'). Sababu ni kwamba Kisemiti cha kale kilikuwa na sauti tatu tofauti, na Kifinisia kikaziandika zote kwa herufi moja. Kiarabu kilizitenganisha, na Kiswahili kikaurithi utengano huo: *salamu, hadithi, ishirini*.

Hapa kuna faida kwa walimu wa tahajia. Lugha nyingi za Kibantu za bara hazina *th* wala *dh*, hivyo mwanafunzi huandika *selasini* badala ya *thelathini*, au *hadisi* badala ya *hadithi*. Kosa hilo si la uvivu. Mwanafunzi anaunganisha sauti mbili ambazo lugha yake ya nyumbani haina sababu ya kuzitenganisha, kama Wafinisia walivyoziunganisha. Dawa yake ni mazoezi ya maneno yaliyopangwa jozi jozi: *thamani* na *samani*, *dhana* na *zana*.

Sauti *ʿayni* nayo ina historia ya kuvutia. Wayunani walipoazima alfabeti ya Wafinisia, yapata karne ya 8 KK, hawakuwa na sauti hiyo. Herufi yake wakaifanya irabu *O*. Kiswahili hakikuwa nayo pia, kikaifuta au kuiacha irabu peke yake. *Sabʿa* ikawa *saba*, *ʿilm* ikawa *elimu*, *sāʿa* ikawa *saa*, *jamāʿa* ikawa *jamaa*. Irabu mbili zinazofuatana katika *saa, jamaa* na *Ijumaa* ni nafasi iliyoachwa na ayni.

6. Hesabu

Tarakimu sita, saba na tisa za Kiswahili ni za Kisemiti. Kwa Kifinisia ni ŠŠ, ŠBʿ na TŠʿ. Moja hadi tano, nane na kumi ni za Kibantu. Kiswahili cha zamani kilikuwa na *tandatu* kwa sita, *fungate* kwa saba na *kenda* kwa tisa. *Kenda* lingali linaeleweka, na *fungate* limebaki kuwa jina la siku saba za baada ya harusi.

Mara inatusaidia hapa. Katika Kikuria saba ni *muhungate*, na kwa majirani Wasukuma ni *mpungati*. Sauti *f*, *h* na *p* zinalingana, na maneno hayo matatu ni neno moja la kale la Kibantu. Mwanafunzi wa Kikuria anayedhani kwamba *fungate* ni neno la Kiarabu, kwa kuwa linahusu arusi za pwani, ana ushahidi wa kinyume katika lugha ya nyumbani kwake.

Makumi mengi ni ya Kisemiti: *ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, sitini* na kuendelea. Sehemu nazo ni hivyo: *theluthi* (ŠLŠ, tatu) na *robo* (ʾRBʿ, nne). *Ushuru* kwa asili ni sehemu ya kumi (ʿŠR). Katika majina ya siku hesabu mbili zimekaa pamoja: *Jumatano* ina 'tano' ya Kibantu, kwa kuhesabu kuanzia Jumamosi, na *Alhamisi* inayofuata ina 'tano' ya Kisemiti (ḤMŠ), kwa kuhesabu kuanzia Jumapili.

7. Herufi

Deni halisi la Kiswahili kwa Wafinisia liko katika maandishi. Alfabeti yao ilikuwa na herufi 22, zote konsonanti, na iliandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kutokana nayo Wayunani walipata alfabeti yao, kisha Warumi, kisha herufi tunazoandikia leo. Kutokana nayo pia Waaramu walipata hati yao, na katika tawi la Kinabatayi hati ya Kiarabu ikazaliwa. Tenzi za kale za pwani zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu na magazeti ya leo yanayochapwa kwa hati ya Kirumi vina babu mmoja.

Neno *alfabeti* ni majina ya herufi mbili za kwanza, *ʾalp* na *bet*: 'ng'ombe' na 'nyumba'. Herufi A ni kichwa cha ng'ombe kilichogeuzwa, pembe zikielekea chini. M ilikuwa mawimbi ya maji, O jicho, R kichwa cha mtu. Walimu wa madarasa ya mwanzo katika jamii za wafugaji wa Bunda au wavuvi wa Musoma wanaweza kuitumia habari hii bila kuongeza chumvi, maana ni historia.

Maandishi ya Kifinisia yalisomwa upya na Mfaransa Jean-Jacques Barthélemy mwaka 1758, kwa msaada wa nguzo mbili za mawe kutoka Malta zenye maandishi ya Kifinisia na Kiyunani.

8. Butiama: mzizi wa Kisemiti katika umbo la Kibantu

Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kizanaki. Aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Maneno makuu ya siasa yake yanaonyesha vizuri jinsi Kiswahili kinavyoutumia mzizi wa Kisemiti.

*Uhuru* linatokana na ḤRR, 'kuwa huru', mzizi ulio pia katika Kiebrania. Kiarabu kilimpa Mswahili *ḥurr*. Kiambishi *u-* cha hali na dhana ni cha Kibantu. Mzizi huohuo umezaa *hariri* na *mhariri*, kwa kuwa *taḥrīr* ya Kiarabu ni kuweka huru na pia ni kusahihisha maandishi.

*Ujamaa* ni *jamāʿa*, 'kundi la watu', iliyokwisha kuwa *jamaa*, 'ndugu', katika Kiswahili kwa karne nyingi. Katika andiko lake la 1962 Nyerere alilitumia kuitaja siasa iliyojengwa juu ya undugu wa familia, na Azimio la Arusha la 1967 likaifanya kuwa siasa ya nchi. Katika Kiarabu neno hilo halina *u-*, wala halibebi maana ya mfumo wa uchumi. Umbo na maana vilitengenezwa ndani ya Kiswahili, na msemaji wa lugha ya Kibantu ndiye aliyevipa nguvu.

Mfano wa tatu ni wa mtafsiri. Mwaka 1969 Nyerere alichapisha *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara. Kiarabu kina *tājir*, 'mfanyabiashara', lililopitia Kiaramu kutoka *tamkāru* ya Kiakadi, moja ya maneno ya kale sana ya biashara. Lakini katika Kiswahili *tajiri* amekwisha kuwa mtu mwenye mali, awe anauza au hauzi. Mfasiri hawezi kuirudisha maana ya kale kwa kuwa tu mzizi unairuhusu. *Bepari*, lililotoka katika lugha za Bara Hindi, lilikuwa bado na maana ya mchuuzi, huku likibeba pia maana ya mwenye mtaji.

Wanaotaka kukisafisha Kiswahili kwa kuondoa maneno ya Kisemiti waupime msamiati wa Butiama kwanza. Kuondoa *uhuru, ujamaa, taifa, siasa, azimio* na *rais* ni kuondoa maneno ambayo watu wasio Waarabu waliyatumia kujitawala. Na wanaosema kwamba maneno hayo yanathibitisha kuwa Kiswahili ni Kiarabu waeleze *u-* imetoka wapi.

9. Makosa ya kuepuka

*Ngeli.* Silabi ya kwanza ya neno la mkopo inaweza kufanana na kiambishi. Pale ambapo matumizi sanifu yameikubali tafsiri hiyo, ifuatwe: *kitabu/vitabu, mkataba/mikataba, waraka/nyaraka*. Pale ambapo hayakuikubali, isilazimishwe: *maktaba, mahakama, mamlaka* na *madrasa* ni ngeli ya I-ZI, ingawa yanaanza na *ma-*.

- Sahihi: *Maktaba hii ya Musoma imefunguliwa.* Si sahihi: *Maktaba haya yamefunguliwa.*
- Sahihi: *Madarasa manne ya Bunda yamekarabatiwa, madrasa nne zimejengwa.* La kwanza ni wingi wa *darasa*. La pili ni chuo cha dini.

*Mizizi inayofanana.* Konsonanti mbili za mwanzo hazitoshi kuthibitisha udugu.

- *Jamaa, jamii, jumuiya* na *Ijumaa* ni za J-M-ʿ. *Jumla* ni ya J-M-L, na *jamhuri* ina konsonanti nne, J-M-H-R. *Jumba* ni ukubwa wa *nyumba* na halina uhusiano na Kiarabu.
- *Malkia* na *mamlaka* ni za M-L-K. *Malaika* ni wa L-ʾ-K, 'kutuma'. *Ma-* yake ni kiambishi cha Kisemiti.
- *Salama* ni ya S-L-M. *Suluhu* ni ya Ṣ-L-Ḥ, ingawa maana zimekaribiana.

*Maana ya asili.* Asili ya neno huieleza historia yake, haiamui matumizi yake ya leo. *Ushuru* si lazima uwe asilimia 10, *beti* si nyumba, na *hadithi* si habari mpya. Mtafsiri anapoona neno la Kifinisia, Kiebrania au Kiarabu lenye ndugu katika Kiswahili, ajiulize kwanza ndugu huyo anamaanisha nini leo kwa msomaji wa Musoma. Kama maana imehama, achague neno jingine, na udugu wa mzizi autaje katika maelezo ya kando endapo una faida.